Siri Zilizochelewa: Faili za Mwaka 1960 na Kifo cha Patrice Lumumba

Jioni ya tarehe 17 Januari 1961, ndege ya aina ya DC-4 ilitua katika uwanja wa Luano, Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Askari wachache wa Uswidi, waliowekwa hapo na Umoja wa Mataifa, waliona kwa mbali wafungwa watatu wakishushwa, wamefungwa vitambaa machoni, wakipigwa mpaka wakaingizwa ndani ya gari. Walikuwa Patrice Emery Lumumba, aliyeongoza serikali ya kwanza ya Kongo huru, Maurice Mpolo, waziri wake, na Joseph Okito, makamu wa raisi wa Seneti. Usiku ule ule, kabla ya saa nne, wote watatu walikuwa wamekwisha kupigwa risasi porini, upande wa Shilatembo, kilometa 50 hivi kutoka mjini.

Leo tunaweza kuyaandika mambo hayo kwa sentensi chache bila kusitasita. Lakini ilibidi ipite miaka 40 ndipo mwanahistoria aweze kuyaandika hivyo huku ameshika mkononi karatasi za wale walioyatenda, walioyaamuru na waliokuwa na habari wakanyamaza. Makala haya hayakusudii kusimulia upya kifo chenyewe, jambo ambalo limekwisha kufanywa na wengine kwa ufundi mkubwa. Tunataka kutazama njia ambayo karatasi hizo zilipitia kutoka makabatini hadi mikononi mwa wasomaji, na kuuliza ucheleweshaji huo umeifanya nini historia ya nchi yetu.

Hapa Lubumbashi mtu akitaja "dosye", ana maana ya karatasi za ofisi na pia ana maana ya shauri lenyewe. Dosye ikifungwa, shauri limekwisha. Katika mambo ya siri za serikali mambo huwa kinyume: shauri huanza siku dosye inapofunguliwa, na kwa kawaida huanza wakati wenye kujibu hawapo tena.

Tuanze na uongo wa kwanza, maana ndio uliozaa haja ya faili. Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, aliwatangazia waandishi wa magazeti kwamba wafungwa hao walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Hakuna mtu mwenye akili aliyesadiki maneno hayo. Umoja wa Mataifa uliunda tume ya uchunguzi, na katika ripoti yake ya Novemba 1961 tume hiyo iliikataa hadithi ya kutoroka, ikaeleza kwamba, kwa kadiri ushahidi ulivyoonyesha, Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari, si mbali na Elisabethville, mbele ya wakubwa wa Katanga. Yaani, kiini cha ukweli kilikuwa kimekwisha kuandikwa na kuchapishwa katika muda usiotimiza mwaka mmoja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wetu mara nyingi hudhani kwamba faili ya siri huficha tukio. Tukio lilijulikana. Kilichofichwa ni amri: nani alimwandikia nani, lini, kwa maneno gani, na kwa fedha za nani.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa Washington, na haukufunguliwa kwa ajili yetu. Baada ya kashfa ya Watergate, Seneti ya Marekani iliunda kamati, chini ya uongozi wa seneta Frank Church, ili kuchunguza matendo ya mashirika ya upelelezi. Tarehe 20 Novemba 1975 kamati hiyo ilitoa ripoti juu ya njama za kuwaua viongozi wa nchi za kigeni, na Lumumba alikuwa mmoja wao. Ndipo ulimwengu ulipojua kwamba tarehe 26 Agosti 1960 mkuu wa CIA, Allen Dulles, alimpelekea mwakilishi wake wa Léopoldville telegramu inayosema kuwa kumwondoa Lumumba ni shabaha ya haraka na ya kwanza. Ulijua pia kwamba mwezi wa Septemba mkemia wa shirika hilo alikuja Kongo akiwa amebeba sumu ya kutiwa katika chakula au dawa ya meno. Sumu hiyo haikutumiwa. Ripoti ilimaliza kwa kusema kwamba haikuonekana alama ya kuiunganisha Marekani na mauaji yenyewe yaliyofanyika Katanga.

Msomaji wa ripoti ile hukutana na majina ya kubuni. Mwakilishi wa CIA anaitwa humo Hedgman. Jina lake la kweli lilikuwa Lawrence Devlin. Mkemia anaitwa Scheider. Alikuwa Sidney Gottlieb. Kwa hiyo hata siri iliyofunuliwa ilivaa kinyago. Liko pia fundisho la kazi kwa mwanahistoria. Mtu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano wa Baraza la Usalama wa Taifa wa tarehe 18 Agosti 1960 aliiambia kamati kwamba alimsikia Raisi Eisenhower akisema neno alilolielewa kuwa ni amri ya kuua. Kumbukumbu zilizoandikwa za mkutano huo hazina neno hilo. Tungekuwa na faili peke yake, bila kinywa cha mtu yule, tusingejua hata kwamba swali lipo.

Ufunguzi huo wa 1975 ulikuwa na matokeo ambayo, kwa maoni yetu, hayajapimwa ya kutosha. Nchi inayofungua kwanza ndiyo inayoshtakiwa kwanza, na wakati mwingine ndiyo inayoshtakiwa peke yake. Kwa robo karne, kila aliyeuliza nani alimwua Lumumba alijibiwa: CIA. Jibu hilo liliingia katika vitabu vya shule, katika hotuba na katika mazungumzo ya vilabuni. Ubelgiji ulipumzika katika kivuli cha sumu isiyotumika. Wakati huo wote karatasi nzito zaidi zilikuwa Bruxelles, katika hifadhi za Wizara ya Mambo ya Nje na katika makazi ya mfalme.

Mtu aliyezigusa ni Ludo De Witte, msomi Mbelgiji wa elimu ya jamii, ambaye kitabu chake juu ya mauaji ya Lumumba kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1999, na kwa Kifaransa mwaka 2000. De Witte alionyesha kwamba telegramu, barua na taarifa za mwaka 1960, zikipangwa kwa tarehe zake, zinatengeneza mnyororo. Kiungo kinachotajwa zaidi ni telegramu ya tarehe 6 Oktoba 1960, ambamo waziri wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, aliandika kuwa shabaha kubwa ni kumwondosha Lumumba kabisa, asirudi tena. Wapo waliobishana juu ya neno hilo: je, ni kumwondosha katika siasa au duniani? Ubishi huo una haki yake. Mwanahistoria mwaminifu hawezi kuisoma telegramu ya Oktoba kana kwamba mwandishi wake alikuwa akiiona tayari ile jioni ya Januari. Lakini hawezi pia kusahau kwamba waziri huyo huyo, katikati ya Januari 1961, alisisitiza Lumumba apelekwe Katanga, mahali ambapo kila mtu, Mwafrika na Mzungu, alijua kinachomngojea.

Kelele za kitabu hicho zililazimisha Bunge la Ubelgiji kuunda tume ya uchunguzi, ikisaidiwa na wataalamu wanne: Luc De Vos, Emmanuel Gerard, Jules Gérard-Libois na Philippe Raxhon. Walifunguliwa mahali ambapo mtafiti wa kawaida hakuwahi kupita, pamoja na nyaraka za mfalme. Humo ilionekana barua ya Oktoba 1960 ya Meja Guy Weber, mshauri wa kijeshi wa Tshombe, aliyekuwa akiwaandikia watu wa ofisi ya Mfalme Baudouin. Barua ilieleza mazungumzo ya Tshombe na Mobutu na nia ya kumzima Lumumba, ikiwezekana hata kwa mwili wake. Mfalme alipata habari hiyo. Haikuonekana alama kwamba aliipeleka kwa serikali yake wala kwamba alipinga. Tume ilithibitisha pia kuwa kamishna wa polisi na maafisa wa jeshi Wabelgiji, waliokuwa chini ya amri ya Katanga, walikuwapo pale risasi zilipopigwa.

Ripoti ilitolewa tarehe 16 Novemba 2001. Hitimisho lake lilisema kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji na Wabelgiji wengine wana "wajibu wa kimaadili" katika hali zilizosababisha kifo hicho. Tarehe 5 Februari 2002 waziri wa mambo ya nje, Louis Michel, aliomba radhi. Maneno "wajibu wa kimaadili" yalichaguliwa kwa uangalifu mkubwa, kwa maana yanatambua kosa bila kumkabidhi hakimu mkosaji. Sehemu ya kwanza ya ripoti, ile ya wataalamu, ni kazi ya historia. Sehemu ya mwisho, ile ya wabunge, ni kazi ya mapatano. De Witte mwenyewe aliona kuwa hitimisho ni dogo kuliko ushahidi uliolitangulia, nasi, baada ya kulinganisha sehemu hizo mbili, tunaona alikuwa na haki.

Sasa na tuweke tarehe za faili kando ya tarehe za makaburi. D'Aspremont Lynden alifariki mwaka 1967. Kasa-Vubu na Tshombe walifariki mwaka 1969, huyu wa mwisho akiwa kifungoni Algeria. Munongo alifariki Kinshasa tarehe 28 Mei 1992, wakati Mkutano Mkuu wa Taifa ulipokuwa ukiendelea. Baudouin alifariki mwaka 1993. Mobutu, ambaye mwaka 1966 alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa, alifariki uhamishoni mwaka 1997. Kitabu cha De Witte kilitoka mwaka 1999. Gérard Soete, kamishna wa polisi Mbelgiji aliyekata miili ya marehemu na kuiyeyusha katika asidi, alikiri mbele ya kamera za televisheni wakati huo huo, akafariki mwaka 2000. Sisemi kwamba kuna mtu aliyekaa mezani akipanga kalenda hiyo. Hakuhitajika. Inatosha faili ikae kabatini bila sheria ya kuitoa, na umri wa binadamu unafanya kazi iliyobaki. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1998 juu ya siri za serikali iliweka utaratibu wa kuzifunga karatasi, lakini haikuweka muda ambao zingefunguka zenyewe.

Marekani ilikuwa na sheria ya namna hiyo, na mfano wake unaonyesha kuwa sheria peke yake haitoshi. Kuanzia mwaka 1991 Wizara ya Mambo ya Nje ililazimishwa kuchapisha nyaraka za siasa yake ya kigeni miaka 30 baada ya matukio. Juzuu zinazogusa Kongo zilitoka mwaka 1992 na 1994. Aliyezisoma bila habari nyingine angedhani kwamba Marekani ya 1960 ilikuwa ikituma mabalozi na ushauri tu, kwa sababu shughuli za CIA hazikuonekana humo ila kwa nadra. Wanahistoria walilalamika, na ikabidi itayarishwe juzuu nyingine ya kujaza pengo, juu ya Kongo toka 1960 hadi 1968. Ilitoka mwaka 2013, miaka 53 baada ya uhuru wetu. Ndani yake tunaona kwamba mpango wa siri wa Kongo uligharimu karibu dola milioni 12 katika miaka hiyo. Zilikuwa fedha za kuwanunua wabunge, kuwalipa askari na kulishikilia kundi la Mobutu.

Humo pia lipo jambo dogo la tarehe ambalo, kwangu, ni zito kuliko sumu. Tarehe 14 Januari 1961 Devlin aliarifiwa na wenzake wa Kongo kwamba Lumumba atahamishwa kutoka gereza la Thysville. Hakuwaandikia wakubwa wake Washington mpaka tarehe 17. Siku tatu za ukimya! Wakati huo Raisi mpya, Kennedy, alikuwa karibu kuapishwa, tarehe 20, na huenda angebadili siasa. Mtafiti Stephen Weissman ndiye aliyeuvuta ukimya huo mbele ya wasomaji. Hakuna telegramu inayomwamuru Devlin anyamaze. Ushahidi wenyewe ni nafasi tupu kati ya karatasi mbili, na nafasi hiyo haionekani mpaka karatasi zote mbili, ya kabla na ya baada, ziwe zimetolewa. Aliyetoa moja na kuzuia nyingine hakutoa nusu ya ukweli, hakutoa kitu. Na hata katika juzuu ile ya 2013 msomaji bado anakutana na mabano yenye kusema kuwa mistari kadhaa haikuruhusiwa kuchapishwa.

Wenzetu wa Kenya wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2011, wazee waliopata mateso wakati wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza huko London, ndipo serikali hiyo ilipokiri kuwa ilikuwa ikiweka huko Hanslope Park faili karibu 8,800 zilizoondolewa katika makoloni 37 kabla ya bendera kushushwa. Kumbe hazikupotea. Wanahistoria walikuwa wameziulizia miaka mingi bila kujibiwa. Mashahidi wachache wenye makovu walizitoa.

Kusini tu ya mpaka wetu iko dosye nyingine ambayo ni ndugu ya hii. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa akienda kuonana na Tshombe ili vita vya Katanga visimamishwe, ilianguka karibu na Ndola. Watu wote 16 walikufa, mmoja wao, Harold Julien, baada ya siku sita hospitalini. Uchunguzi wa serikali ya Rhodesia ulisema ni kosa la rubani. Wachoma makaa wa misitu ya Ndola walikuwa wamesema kitu kingine, kwamba waliona ndege ya pili angani na moto kabla ya kuanguka. Ushahidi wao uliwekwa kando. Walikuwa Waafrika, maskini, na ilidaiwa kuwa hawajui ndege. Baada ya kitabu cha Susan Williams cha mwaka 2011, na tume ya wanasheria ya mwaka 2013, Umoja wa Mataifa ulilifungua shauri upya na kulikabidhi kwa Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Ripoti yake ya mwaka 2017 ilisema kuwa yaelekea shambulio au tishio kutoka nje lingeweza kuwa sababu ya ajali, na katika ripoti zilizofuata ameendelea kuzitaja Uingereza, Marekani na Afrika ya Kusini kuwa nchi ambazo karibu hakika bado zina habari zisizotolewa. Jaji wa Pwani ya Afrika anaandika barua. Majibu yanarudi kwa adabu, na ni mafupi.

Wachoma makaa hao wanaturudisha kwenye kazi ya jarida kama hili. Miaka ya 1973 na 1974, hapa Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yote ya nchi katika mfululizo wa picha mia moja hivi, akazieleza kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya mashine ya kurekodi ya mwalimu Johannes Fabian. Kifo cha Lumumba kimo, pamoja na Mpolo na Okito. Alichora kabla ya ripoti ya Seneti, miaka 25 kabla ya De Witte, bila kuona telegramu yoyote, na chini ya utawala wa mmoja wa wahusika. Hakujua majina ya mawaziri wa Bruxelles. Lakini alijua kwamba ni Katanga, ni usiku, ni watatu pamoja, na kwamba hadithi ya wanakijiji ni uongo. Tukilinganisha maelezo yake na ripoti ya 2001, tunaona mahali ambapo faili iliongeza kitu (na iliongeza mengi, hasa upande wa amri) na mahali ambapo ilikuja kuthibitisha tu yale ambayo mji ulikuwa ukiyasema kwa sauti ya chini. Mlinganisho huo haujafanywa kwa ukamilifu, neno kwa neno, katika lugha aliyoitumia. Michoro yake iko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kwa muda mrefu kwa jina la Tropenmuseum.

Tusijifiche nyuma ya makosa ya wageni. Mkutano Mkuu wa Taifa wa miaka 1991 na 1992 ulikuwa na tume yake juu ya mauaji, na nyingine juu ya mali iliyoporwa. Tume hizo ziliwaita mashahidi, ziliandika ripoti. Lakini ripoti hizo hazikujadiliwa hadharani mbele ya wajumbe wote, kwa kuhofia ghasia. Kwa hiyo sisi pia tuna kabati letu. Wabelgiji walitumia miaka 41 kufungua sehemu ya kabati lao. Kipimo hicho hicho kwetu kitafika mwaka 2033.

Jino lililochukuliwa na Soete lilikamatwa na mahakama ya Ubelgiji mwaka 2016 na kurudishwa kwa familia tarehe 20 Juni 2022. Jeneza lilizungushwa nchini, likapita Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Mashtaka yaliyofunguliwa na watoto wa Lumumba mwaka 2011 yalikuwa yamewataja Wabelgiji kumi hivi. Mwezi wa Juni 2025, mwendesha mashtaka wa Ubelgiji alipoomba kesi ipelekwe mahakamani, aliyekuwa angali hai kati yao ni mmoja tu, mzee wa miaka 92. Kwa upande wetu, kijana aliyekuwa na miaka 15 siku ile ndege ilipotua Luano amekwisha kupita 75. Idara yetu ina mashine ya kurekodi na ina wanafunzi.